Arobaini ya Rani

Mwanamke aliyenipigia simu mwezi wa pili alianza kwa kunisomea jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, pamoja na kijiji na lokesheni, kama karani wa serikali. Nilidhani ni hawa matapeli wa siku hizi, nikataka kukata. Kisha akasema, "Nasoma kwenye kipande chako cha zamani, kitambulisho cha Kenya. Mimi ni Zaituni. Mama alifariki wiki tatu zilizopita, hapa Mbale. Kipande hiki kilikuwa kwenye sanduku lake, kimefungwa ndani ya kitambaa, na nyumbani humu hakuna anayejua wewe ni nani. Chifu wa kwenu ndiye aliyenipa namba." Nilivuta kiti nikaketi. Nina zaidi ya miaka sabini sasa, goti moja halikunjiki, na sikutegemea kwamba kuna mtu bado ana picha yangu nikiwa na nywele. Nilimwambia nitakuja kutoa pole. Nilipokata simu nilibaki pale jikoni mpaka chai ikapoa, nikimkumbuka mama yake, na mwaka mmoja ambao mimi na yeye na farasi mmoja mgonjwa tulifungiwa pamoja nyuma ya nyumba moja ya Jinja.

Sitaeleza nilikozaliwa wala mambo ya nyumbani. Inatosha kusema kwamba nilikuwa saisi, mtunza farasi, kazi niliyojifunza kwa wazungu wa Kitale, na kwamba Mhindi mmoja mwenye maduka alinileta Jinja nimtunzie farasi wake jike aliyeitwa Rani. Wahindi walipopewa siku tisini za kuondoka, yule mzee alimshika Rani shingoni, akalia waziwazi mbele ya wapagazi wake, akaniachia ufunguo wa banda. Wiki iliyofuata nyumba ilipata mwenyewe mwingine, Meja wa jeshi, na mimi na Rani tukachukuliwa pamoja na makabati. Banda lilikuwa upande wa ziwa, la matofali mekundu, vyumba vitatu kwa mstari. Cha kwanza alikaa Rani. Cha katikati kilikuwa stoo ya chakula chake, na humo ndimo nilimolala, juu ya magunia ya pumba. Cha tatu Meja alikijaza vitu vilivyotoka madukani: cherehani, mabunda ya vitambaa, kabati lenye kioo kirefu, na sanamu nne za kuvalishia nguo, hazina vichwa, zimesimama zikielekea mlangoni. Miaka ya mwanzo niliweza kutoka kwenda kukata majani na kutafuta sabuni. Kisha ukafika mwaka ule ambao Kenya na Uganda zilikosana, na Wakenya wa Jinja wakaanza kupungua mmoja mmoja. Alianza fundi wa redio wa Bugembe. Wakafuata makuli wawili wa stesheni, kisha mwalimu niliyekuwa nikisali naye kanisa moja. Meja akaniita, akaniambia nimpe kipande changu, akakitia mfukoni. "Wewe hapana toka geti," akasema. "Ukitoka, mimi sijui wewe." Sikujua kama alikuwa ananilinda au ananifunga, na hadi leo sina hakika.

Meja hakujua kupanda farasi. Alijua kukaa juu yake, nayo ni habari nyingine kabisa. Jumapili moja alimtoa Rani akampeleka mbio juu ya lami mpaka Bugembe na kurudi, Landrova ya askari ikimfuata nyuma kwa honi, na walipoingia getini mchana Rani alikuwa anatetemeka, jasho limemtoa povu, mguu wa mbele wa kushoto unagusa ardhi kwa ncha ya kwato tu. Nilipiga magoti nikaupapasa kwa nyuma. Kano lilikuwa limevimba unene wa ndizi, na joto lake nililisikia kabla vidole havijafika. Nilijua papo hapo kwamba hiyo ni miezi sita ya kupumzika, labda tisa, na kwamba miezi ya kwanza hapaswi kutoka hata hatua moja nje ya chumba chake. Nilijua pia kwamba wiki iliyotangulia mbwa wa getini alivunjika nyonga, na Meja alimpiga risasi akiwa bado ameshika kikombe cha chai kwa mkono wa pili.

"Iko shida gani?" akauliza.

"Kano la mguu, Afande. Limechanika kwa ndani."

"Itapona lini? Mimi hapana fuga farasi ya kulala."

Nilitafuta neno ambalo mtu wa namna yake angeliheshimu. Yeye alikuwa Mnubi, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa askari, na kichwani likanijia jambo nililozoea kulisikia kwa majirani zangu Waislamu pale mtaa wa Walukuba nilikokuwa nimepanga zamani. "Siku arobaini, Afande," nikasema. "Kama mwanamke aliyejifungua. Anakaa ndani, hasumbuliwi, hatoki mpaka arobaini iishe." Meja alicheka, askari nao wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Kisha akaacha kucheka. "Arobaini," akasema polepole. "Hiyo naelewa. Basi siku ya arobaini nampanda. Kama amepona, nakuandikia barua ya njia, unaenda mpaka Malaba, hakuna mtu anakugusa. Kama hapana pona," akamtazama Rani, akanitazama mimi, akaonyesha udongo kwa kidole, "nyinyi wawili mnabaki hapa." Nilikosea hapo, na ni kosa la mtu aliyekaa na Waislamu ukuta kwa ukuta bila kuuliza chochote. Pale Walukuba nilikuwa nasikia tu kwamba fulani yuko arobaini, mlango umefungwa, muda unapita, nikadhani ni jina la mapumziko marefu ambayo yakikaribia kwisha unaweza kuyaongeza kidogo. Sikujua kwamba siku hizo watu wanazihesabu kwa vidole, na kwamba ya mwisho ina wageni na nyama.

Mama Zaituni alikuwa dada mkubwa wa Meja, mjane, ndiye aliyesimamia jikoni. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumesalimiana tu kwa mbali. Jioni ile alikuja mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, akauliza, "Mzazi yuko wapi?" Nilimwonyesha. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, nami nikacheka kwa woga. Lakini asubuhi alirudi na chetezo cha makaa, akatia ubani, akafukiza pembe zote nne za chumba cha Rani, akasema kama ni arobaini basi itakuwa arobaini ya kweli, si mchezo wa wanaume. Akatoa amri zake. Redio isipigwe kwa nguvu upande huu. Askari wasilenge kunguru kwa bunduki huku nyuma. Mwanamume asikanyage kizingiti cha chumba cha Rani, isipokuwa mimi, na mimi aliniambia nijihesabu kuwa mkunga. Nilidhani hana akili sawasawa. Baadaye nilifahamu kwamba na yeye alikuwa hajatoka getini karibu mwaka mzima. Zamani alikuwa akienda soko la Buwenge kununua ukili wa kusukia, lakini Meja alikuwa na maadui wake huko jeshini, akaogopa watampata kupitia kwa dada yake, akamkataza. Kwa hiyo akawa anafumua vifuniko vyake vya zamani vya sinia na kuvisuka upya, rangi zile zile kwa mpangilio mwingine. Mchana alikuja na sinia la gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi, na bamia, akakaa juu ya gunia mlangoni, tukala, Rani akitutazama juu ya nusu-mlango na kupuliza pua. "Anataka nini huyu?" aliuliza siku ya kwanza. Nikamwambia anataka kutoka. "Eh," akasema. "Basi sote."

Watu hufikiri kazi ya kumuuguza farasi ni mguu. Mguu ni kazi ya nusu saa: maji baridi asubuhi na jioni, bendeji kwenye mguu mbovu na kwenye ule mzima pia, maana ndio unaobeba uzito wa mwenzake. Kazi yenyewe ni kichwa. Farasi aliyezoea kukimbia ukimfungia ndani ataanza kutafuna mbao za mlango, ataanza kuyumba kushoto na kulia kutwa nzima mpaka achimbe shimo sakafuni, na siku moja atapandwa na hasira apige ukuta mateke, na lile kano litakatika lote. Jambo la kwanza nilimwondolea mahindi, maana nafaka bila kazi ni kumtilia moto mwilini. Nikampa majani tu, kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku, yamebanwa kwenye wavu wa kamba wenye matundu madogo ili ayavute unyasi mmoja mmoja na siku ipite. Nilimtundikia kabichi nzima darini kwa kamba. Aliipiga kwa pua, ikaenda, ikarudi ikampiga usoni, akashtuka, akairudia. Mama Zaituni alinipa kibuyu kilichopasuka, nikakitoboa matundu, nikatia punje za mahindi chache, naye Rani akajifunza kukisukuma sakafuni mpaka punje moja idondoke. Mji mzima ulikuwa hauna sukari, ingawa miwa ilituzunguka kila upande, na Koplo wa getini alikuwa akiniletea vipande vya muwa Rani atafune. Nilikivuta kile kioo kirefu kutoka chumba cha tatu nikakisimamisha nje ya nusu-mlango. Rani alikitazama akalia, akasubiri ajibiwe, kisha akasogea akaweka paji la uso karibu na la yule mwenzake akatulia hapo hata saa nzima. Mama Zaituni alikuwa akipita anamwambia, "Umependeza, shoga, usiogope." Mwisho tukamletea mbuzi, jike jeupe lenye sikio moja jeusi, katika wale waliokuwa wakingoja kuchinjwa. Siku ya kwanza Rani alimkoromea. Siku ya nne walikuwa wanakula kihori kimoja.

Na mimi nilimsemesha. Farasi hajali unachosema bora sauti iwe ya chini na isikatike, basi nilimsemesha nilichokuwa nacho kichwani, nacho kilikuwa njia ya kwetu. Nilipokuwa nikimsugua nilitaja kila kitu kutoka getini: Bugembe, msitu, Iganga, Bugiri, njia panda ya Tororo, mwamba wa Tororo, Malaba, daraja. Nikifika darajani narudi getini. Yule Koplo, jina lake Mafabi, Mgisu wa upande wa Mbale, mtu wa umri wangu, siku moja alisimama nje ya kizingiti alichokatazwa kukikanyaga akanisikiliza mpaka mwisho. "Wewe unaenda Malaba kila siku bila ruksa," akasema. Nikaendelea kusugua. Akasema, "Mimi pia naenda. Naenda Mbale kwa mama. Lakini mimi napanda basi, wewe unatembea mguu." Akatupa kipande cha muwa juu ya mlango, akaondoka zake. Tangu siku hiyo sikumwogopa, ingawa bunduki alikuwa nayo yeye.

Siku ya ishirini na tatu, saa tano asubuhi, gari dogo liliingia bila namba. Wanaume wawili wenye miwani myeusi walishuka wakamwambia Mafabi kwamba wameambiwa ndani ya nyumba hii kuna Mkenya. Meja alikuwa Kampala. Nilisikia kila neno kwa sababu nilikuwa nimechuchumaa chini ya kihori cha Rani, bendeji mkononi, nusu imefungwa. Mafabi alisema yeye anajua geti tu, mambo ya ndani hajui. Nikasikia viatu vyao kwenye kokoto vinakuja nyuma. Rani naye alivisikia, akainua kichwa, akaanza kuhama mguu kwa mguu, na nilijua hatua itakayofuata ni teke la ukuta. Nikasimama nikamkumbatia shingo, nikampulizia pumzi puani kama wafanyavyo wao kwa wao, nikafunga macho. Hapo nikasikia sauti ya Mama Zaituni, haikupanda hata kidogo. "Nyinyi mnakwenda wapi?" Mmoja akasema wanataka kuangalia hivi vyumba. "Humu kuna mzazi," akasema. "Yuko arobaini. Nyinyi ni Waislamu?" Kiatu kikakwaruza kokoto. "Wewe ni Mwislamu?" Mmoja akasema ndiyo, Mama. "Mama yako alikuzaa akiwa barabarani?" Moshi wa ubani ulikuwa unapita chini ya mlango mpaka machoni kwangu, na mbuzi akalia, na mtu akauliza mzazi huyo ni nani. "Ni wa Meja," akasema Mama Zaituni. "Nenda ukamwambie Meja umemchungulia mzazi wake. Mimi nitamwambia kabla yako." Viatu vikarudi kwenye kokoto, gari likawaka. Mama Zaituni hakuingia kunitazama. Alikaa nje akaendelea kusuka, na baada ya muda mrefu akasema kwa sauti ya kawaida, "Mkunga, maliza bendeji."

Ungedhani baada ya hapo ningemwambia ukweli. Sikumwambia. Nilimpenda, lakini alikuwa dada wa Meja, na nilihofia kwamba neno likitoka kinywani mwangu litalala jikoni na kuamkia sebuleni. Siku zikaenda. Uvimbe ulipungua, Rani akaanza kukanyaga sawa ndani ya chumba, mtu asiyejua angesema amepona. Lakini kila jioni nilipoufungua mguu na kuweka kiganja nyuma ya kano, joto lilikuwa lipo. Siku ya thelathini na tano Meja alileta maofisa wawili chumba cha tatu wachague vitambaa vya wake zao, nami upande wa pili wa ukuta nilisikia wakizungumza juu ya sherehe ya jeshi itakayofanyika Mbale. "Wote watakuja na Benzi," Meja akasema. "Mimi nitaingia uwanjani juu ya farasi." Mmoja akamuuliza kama farasi ni mzima. "Iko arobaini. Inatoka Ijumaa, Jumamosi iko Mbale." Wakacheka sana. Mchana ule nilimwambia Mama Zaituni, kama mtu anayesema jambo dogo, kwamba tungeongeza siku kidogo ili Rani apate nguvu. "Tuongeze nini?" akauliza. Nikasema arobaini, tuifanye themanini. Aliweka ukili chini. "Mwanangu, arobaini haina nyongeza. Siku ya arobaini mzazi anaoga, anatoka, watu wanakula. Wageni wameshaambiwa. Kwani bado?" Nikamtazama, nikasema, "Karibu, Mama." Usiku wa kwanza baada ya hapo sikulala, na wa pili pia. Nilizungusha hesabu ile ile. Nikisema hajapona, Rani atapigwa risasi, na mimi nitabaki kwenye udongo alionionyesha. Nikisema amepona, napata barua, na Rani atakwenda kuvunjika mbele ya watu, wakati mimi niko mbali.

Ijumaa walikuja wanawake kumi na zaidi, wamevaa nguo za Idi. Mbuzi mwenye sikio jeusi alichinjwa asubuhi, na Rani alimwita mpaka sauti ikamkauka. Mama Zaituni alimwogesha mwenyewe, kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa udi, wanawake wakimimina na kupiga vigelegele, mmoja akampaka hina kwenye kwato. Nilikuwa nimeshika kamba ya kichwa. Nilimwona Mama Zaituni akishuka na kitambaa bega, goti, mpaka nyuma ya mguu wa kushoto, na hapo mkono wake ukasimama. Akaubandika, akauacha. Nilidhani amechoka. Akasimama, akakamua kitambaa. Meja alikuja na maofisa wake, sare imepigwa pasi, barua inaonekana mfukoni mwa shati. "Haya, Mkenya," akasema. "Imepona ama haijapona?" Nilifungua kinywa. Naapa kwamba mpaka leo sijui ni neno gani lilikuwa linatoka. Mama Zaituni akadakia, "Unamuuliza nini huyu? Mimi ndiye niliyemlea arobaini nzima. Amepona, utampanda kesho uwanjani. Mpe kijana barua yake." Wanawake wakapiga vigelegele. Meja akatoa barua, nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante Afande. Nilikula pilau ya yule mbuzi kwa sababu ningetazamwa kama nisingekula.

Tulimsafirisha Rani kwa lori jioni hiyo hiyo, mimi nimesimama naye nyuma, Mama Zaituni na wanawake wa kupika kwenye gari jingine. Nilipita Bugembe na Iganga na sehemu nyingine nilizozitaja siku zile, sikuona hata moja, nilikuwa natazama mguu. Mbale walitupa godauni tupu katika mtaa wa viwanda, lenye harufu ya mbegu za pamba. Asubuhi nilimfunga bendeji ya mwisho, kwa kubana sana, nikijua bendeji haishiki kano lililochanika kwa ndani. Mama Zaituni alinipa gurusa mbili ndani ya karatasi. "Nenda sasa," akasema. "Usingoje sherehe." Bado ningeweza kusema. Meja alikuwa hatua ishirini kutoka nilipo, ananyoa ndevu mbele ya kioo cha lori. Nilimpa Mafabi, aliyekuja na walinzi wa Meja, kamba ya Rani, na Rani aligeuza kichwa kunifuata mpaka kamba ikamzuia. Nilipanda lori la mahindi. Njia panda ya Tororo gurudumu lilipasuka, tukakaa hapo mpaka jua linaelekea kuzama, na usiku nikavuka daraja.

Kwa miaka mingi kisa hiki nimekisimulia kama kichekesho. Nimekisimulia harusini, nimekisimulia kilabuni, jinsi nilivyomdanganya Meja kwa arobaini, na jinsi yule mama asiyejua kutofautisha farasi na ng'ombe alivyomfukizia ubani na mwisho akanipatia barua kwa ujinga wake. Watu hucheka sana. Nilipoulizwa farasi ilikuwaje, nilisema sikungoja kuona, nao wakacheka tena. Mambo yalipotulia nilifanya kazi ya malori ya saruji, nikawa napakua Mbale katika mtaa ule ule wa viwanda, mara mbili tatu kwa mwezi, miaka tisa. Sikutaka kuuliza habari za Jinja. Nilimwazia Mama Zaituni bado kwenye ile nyumba ya ziwani, au, serikali ile ilipoangushwa na Meja akakimbia, basi kwa ndugu zao Wanubi wa Bombo, amezungukwa na watu.

Nilifika Mbale Alhamisi. Alikokuwa akiishi Mama Zaituni ni chumba kimoja, nyuma ya magodauni, mlango wa bati, vifuniko vya ukili vimetundikwa ukutani kutoka chini mpaka darini. Zaituni, ambaye naye sasa ni bibi, alinikaribisha kwa adabu ya kumkaribisha mtu usiyemjua. Kwenye mkeka alikaa mzee mmoja mwenye fimbo, naye amekuja kutoa pole, akanitazama akasema, "Wewe si ndiye anatembea mguu mpaka Malaba?" Alikuwa Mafabi. Tulishikana mikono muda mrefu. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza mtu. Akaniambia kwa sauti ya chini, akitazama mkeka.

"Falasi haikufika uwanjani. Kwa kona, kabla ya ile saa kubwa ya mji, mguu ikavunjika, paa, watu wote wanasikia. Meja akaanguka mbele ya wakubwa. Akatoa bastola akamaliza falasi yeye mwenyewe. Akaludi godauni kama simba, anasema Mkenya iko wapi, iko Malaba ama haijafika, nipeni simu. Alishika simu, ndugu yangu. Mimi niko pale. Sasa huyu mama akaacha sufulia, akasema, usimtafute kijana. Mguu niliushika mimi jana, ilikuwa moto. Nilijua. Mimi ndiye nilisema amepona. Basi. Meja akaweka simu, akamtupia kipande yako. Akamwambia, wewe si dada yangu tena, usikanyage Jinja. Akamwacha hapo hapo na nguo za mwili. Mama akatafuta hii chumba. Ndiyo hii."

Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi alipoishika ile simu. Akasema saa tisa, jua kali. Saa tisa mimi nilikuwa nimelala chini ya lori Tororo, kivulini, nakula gurusa, nikimcheka Mama Zaituni moyoni kwa kuamini kwake. Niliona aibu kiasi kwamba nilitamani kuondoka, na goti likakataa kunyanyuka. Wajukuu wa Zaituni walikuwa wamekusanyika mlangoni, wamesikia neno farasi, na mmoja akasema bibi alipokuwa hai aliwahi kuwaambia juu ya farasi aliyewekwa arobaini, nao hawakumwamini. Wakaniomba niwasimulie, maana mimi nilikuwepo. Wakakaa tayari kucheka. Nilianza pale ninapoanzia siku zote, Jumapili ya lami ya Bugembe, wakacheka kwenye kabichi, wakacheka kwenye kioo, nami nikaenda mpaka siku ya kuogeshwa na pale mkono wa bibi yao uliposimama nyuma ya mguu. Hapo nikawaambia kwamba bibi yao alijua, na mimi nilijua, na kwamba aliyepaswa kumjibu Meja ni mimi.